Neno "Chai": Safari Yake Kutoka Uchina Hadi Arua Hill

Utangulizi

Neno "chai" ni miongoni mwa maneno ya kwanza kabisa ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa. Hulikuta katika juma la kwanza, pamoja na "maji", "mkate" na "kitabu", na tangu hapo hakuna anayelirudia tena. Mwalimu huliona jepesi, mwanafunzi huliona jepesi, na kamusi hulipa mistari michache tu. Sisi pia tulikuwa tukilifundisha hivyo, mpaka karatasi moja ya mtihani ilipotulazimisha kukaa chini na kulitazama upya.

Katika mtihani wa mwisho wa muhula, watahiniwa wa mwaka wa kwanza waliulizwa watunge sentensi kwa kutumia maneno kadhaa, likiwemo neno "chai". Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Koboko ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kikakwa, aliandika: "Asubuhi tulikunywa chai kavu kwa sababu maziwa yalikwisha." Msahihishaji aliikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Maana si sahihi." Alama mbili zikapotea hapo, na mwanafunzi akaanguka somo zima kwa upungufu wa alama moja. Kwa kuwa aliyeanguka haendi mazoezi ya kufundisha, ilimaanisha kwamba angekaa nyumbani mwaka mzima akiwasubiri wenzake wanaomfuata. Alileta malalamiko kwa maandishi, nasi tukakutana kuyajadili.

Swali lililokuwa mezani lilikuwa hili: "chai kavu" ni chai ya namna gani, na ni nani mwenye haki ya kulijibu swali hilo? Katika makala haya tunaeleza asili ya neno "chai", ngeli yake, maana zake mbalimbali na matumizi yake katika mazingira yetu ya West Nile. Mwishoni tutaeleza uamuzi tuliofikia kuhusu karatasi ile.

Asili ya neno

Neno "chai" asili yake ni Uchina. Katika Kichina sanifu mmea huo na kinywaji chake huitwa "chá". Alama iliyo juu ya herufi "a" si pambo. Inaonyesha toni, yaani sauti inayopanda. Mtu akitamka "chā" kwa toni iliyo juu na isiyobadilika, anaweza kueleweka kuwa anataja uma au kitendo cha kuchomeka kitu. Akitamka "chà" kwa toni inayoshuka, huenda akawa anasema kitu ni dhaifu au kimepungua. Kwa wanafunzi wetu jambo hili si geni. Kilugbara na Kikakwa nazo ni lugha za toni, na mtoto wa Arua anajua tangu utotoni kwamba neno lile lile likipandishwa au likishushwa sauti hugeuka likawa neno jingine. Kiswahili hakina toni ya aina hiyo. Kina mkazo, na mkazo huo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo "chai" ina silabi mbili, "cha" na "i", na mkazo upo kwenye "cha". Wanafunzi wanaoitamka kama silabi moja, kwa mazoea ya Kiingereza, hawana budi kurekebishwa mapema.

Jambo la kuvutia ni kwamba takriban lugha zote za ulimwengu hulitaja jani hili kwa mojawapo ya matamshi mawili ya neno hilo hilo la Kichina. Sehemu kubwa ya Uchina husema "cha". Hata hivyo, katika jimbo la Fujian, lililo pwani ya kusini-mashariki, watu wanaozungumza lahaja za Min ya Kusini husema "te". Waholanzi walipoanza kununua chai kwa wingi katika karne ya 17, walilipata neno kwa wafanyabiashara wa lahaja hiyo. Kupitia kwao likaingia Ulaya Magharibi, ndiyo maana Waingereza husema "tea", Wafaransa husema "thé" na Wajerumani husema "Tee". Kwa upande mwingine, matamshi ya "cha" yalisafiri kwa misafara ya nchi kavu kupitia Asia ya Kati. Waajemi wakasema "chāy", Warusi "chai", Waturuki "çay", Wahindi "chāy" na Waarabu "shāy". Wareno walifanya biashara Macao, mahali pa Kikantoni, nao wakachukua "chá".

Je, Kiswahili kililipata neno hili kwa nani? Hapa tunaweza kutumia ushahidi wa sauti, na hili ni zoezi zuri kwa darasa la isimu. Lingetoka kwa Waingereza, tungetarajia neno linaloanza kwa /t/, kama lilivyo "ti" katika Kilingala. Lingetoka kwa Wareno, ambao waliacha Pwani maneno kama "meza", "leso" na "gereza", tungetarajia "cha" bila /i/ mwishoni. Lingetoka katika Kiarabu sanifu, tungetarajia /sh/, kwa kuwa Kiarabu sanifu hakina sauti /ch/. Kinachobaki ni "chāy" ya Kiajemi na ya Kihindi, lugha za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi ambao walikuwa na mazoea ya miaka mingi na Mombasa, Lamu na Zanzibar. Ndiyo maana tunasema kwamba "chai" ni neno la Kichina lililofika kwetu kwa mkono wa watu wa Asia ya Kusini na Magharibi.

Wanafunzi wengine huuliza kama neno hili halikuletwa moja kwa moja na Wachina wenyewe, kwa vile merikebu za Zheng He zilifika pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 15, na mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga Uchina. Ni swali zuri, lakini ile /i/ ya mwishoni inatuzuia kulikubali wazo hilo. Wachina hawakuwa nayo.

Tuongeze kwamba neno "sinia", chombo ambacho juu yake tunapanga vikombe, nalo lina Uchina ndani yake. Limetokana na Kiarabu "ṣīniyya", lenye uhusiano na "Ṣīn", yaani Uchina. Mwenyeji anapomletea mgeni chai juu ya sinia, ameitaja Uchina mara mbili bila kujua.

Njia mbili zinapokutana Koboko

Kwa msomaji wa Dodoma au Nairobi, habari hizi za njia mbili za neno ni historia ya mbali. Kwetu sisi ni mambo ya sokoni. Karibu na Koboko kuna Salia Musala, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini hukutana. Mtu akisimama eneo hilo siku ya soko atasikia "chai" kwa Kiswahili, "shai" kwa Kiarabu cha Juba, "thé" kwa Mkongomani aliyesoma kwa Kifaransa, na "tea" kwa mwanafunzi wa Uganda. Wanne hao wanaagiza kikombe kimoja, na wote wanne wanatamka Kichina. Wawili wamelipokea neno kwa njia ya nchi kavu na jirani zake wa Asia, na wawili wamelipokea kwa njia ya bahari kutoka Fujian.

Jambo hili lina uzito wake kwa mwalimu. Tangu mwaka 2016, ilipofunguliwa kambi ya Bidibidi wilayani Yumbe, shule za West Nile zimepokea watoto wengi kutoka Sudan Kusini. Aidha, makazi ya Lobule wilayani Koboko yana wakimbizi kutoka Kongo. Mwalimu mmoja wa mazoezi alitusimulia kwamba mtoto wa darasa lake aliandika "shai" ubaoni, darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka. Tangu siku hiyo mtoto huyo hakunyoosha mkono tena katika kipindi cha Kiswahili. Kama mwalimu yule angejua kwamba "shai" na "chai" ni ndugu wa tumbo moja, angeandika maneno yote mawili ubaoni, akachora mstari mpaka Uchina, na mtoto angekuwa ndiye mwalimu wa siku ile. Bila shaka mwishoni angesisitiza kwamba katika Kiswahili tunaandika "chai". Kusahihisha ni wajibu wetu. Kucheka si wajibu wetu.

Ngeli ya neno "chai"

Kosa la kisarufi linalojitokeza sana katika karatasi za mwaka wa kwanza ni "chai changu kimepoa" na, mara chache, "vyai viwili". Mwanafunzi huona neno linaanza kwa "ch", akakumbuka "chakula changu", "chumba changu" na "cheti changu", akaliweka "chai" katika ngeli ya KI-VI. Anasahau kwamba si kila "ch" ni kiambishi. Katika "chakula", "ch" ni kiambishi ngeli, ndiyo maana wingi wake ni "vyakula". Katika "chai", "chumvi", "chupa", "chuki" na "chapati", "ch" ni sehemu ya mzizi wenyewe. Maneno hayo yamo katika ngeli ya I-ZI. Tunasema:

Chai yangu imepoa.
Chai hii ni tamu.
Chai yote imemwagika.

Baadhi ya vitabu vya shule huliweka neno "chai" katika kikundi cha I-I, pamoja na "sukari" na "mvua", kwa kuwa kitu chenyewe hakihesabiki. Hoja hiyo ina msingi. Hata hivyo, mteja hotelini husema "Tuletee chai mbili", na hakuna anayemshangaa. Anachohesabu hapo ni vikombe, na neno "vikombe" limeachwa tu. Katika maandishi rasmi tunapendekeza "vikombe viwili vya chai". Katika mazungumzo "chai mbili" inakubalika.

Tusiwalaumu kupita kiasi wanaosema "chai changu". Kosa lao lina mantiki, na kuna lugha jirani iliyofanya hivyo hivyo kwa ukamilifu. Katika Kinyarwanda chai ni "icyayi", na neno hilo limeingizwa katika ngeli inayolingana na KI-VI yetu na kupewa upatanisho wake wote. Waganda nao huandika "caayi", na chai isiyo na maziwa huiita "caayi omukalu", wakitumia kiambishi mu- kama vile chai ni mtu. Kila lugha ilimpokea mgeni huyu ikamketisha mahali ilipoona panafaa. Kiswahili kilimketisha katika I-ZI, pamoja na wageni wengine wengi kama "kahawa", "meza" na "kalamu".

Tukirudi kwenye karatasi ya mwanafunzi wetu, tutaona jambo ambalo msahihishaji hakulitilia maanani. Mwanafunzi aliandika "chai kavu", hakuandika "chai kikavu". Upatanisho wake ulikuwa sahihi kabisa.

Maana za "chai"

Maana ya kwanza ni mmea na majani yake yaliyokaushwa. Mmea wenyewe huitwa "mchai", lakini watu wengi husema tu "chai", kama katika "wakulima wa chai". Nchini Uganda zao hili hulimwa zaidi upande wa magharibi na katikati ya nchi, na sehemu kubwa ya chai inayouzwa nje hupitia mnada wa Mombasa. Majani yaliyokaushwa huitwa "majani ya chai", au kwa kifupi "majani". Ufupisho huo umeingia hadi katika Luganda, ambako "amajaani" ni majani ya chai. Wachina nao husema "cháyè", yaani majani ya chai, neno kwa neno. Tutenge hapa na "mchaichai", ambao ni jamii ya nyasi yenye harufu nzuri ya ndimu. Mchaichai si mchai, ingawa watu huutia katika chai.

Maana ya pili ni kinywaji. Hapa ndipo penye utajiri wa msamiati. Yenye maziwa ni "chai ya maziwa". Isiyo na maziwa Watanzania wengi huiita "chai ya rangi", wakati wengine husema "sturungi" au "turungi", kutokana na Kiingereza cha "chai kali". Baadhi ya watu wa Pwani na Kenya huiita "chai mkandaa", kwa kuwa mkandaa ni mti wa mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu. Linganisha: Mwingereza hutazama jani akaiita chai nyeusi. Mchina hutazama kikombe akaiita "hóngchá", yaani chai nyekundu. Mswahili naye hutazama kikombe, akaona mkandaa. Katika hili Mswahili na Mchina wamekubaliana, na Mwingereza amebaki peke yake.

Maana ya tatu ni mlo wa asubuhi. Mtu akisema "Bado sijanywa chai", huenda ana maana kwamba hajala chochote tangu aamke, hata kama alichokusudia kula ni uji na mihogo. Vivyo hivyo "Karibu chai" ni mwaliko wa kuketi na kula pamoja. Mpita njia anayeambiwa "Karibu chai" hujibu "Ahsante" au "Nashukuru" hata kama hataketi. Kunyamaza ni kukosa adabu. Katika jimbo la Guangdong nchini Uchina nako kuna "zǎochá", yaani chai ya asubuhi, ambayo huambatana na sahani nyingi ndogo za chakula. Watu wawili wasiofahamiana wamefikia matumizi yale yale.

Maana ya nne ni wakati au mapumziko: "Tutaonana baada ya chai", "Saa nne ni chai". Hapa neno halihusu tena kinywaji. Yupo anayekwenda chai akanywa soda.

Maana ya tano ni kiinua mgongo kidogo kisicho halali, yaani hongo. Maana hii tutaieleza kwa urefu hapa chini.

Maana ya sita ni ya mtaani na imeenea hasa Tanzania: "chai" ni habari ya uongo au iliyotiwa chumvi. Kijana akisimuliwa jambo asiloliamini husema "Hiyo chai". Matumizi haya bado ni ya vijana na mitandao, lakini mwanafunzi anayesoma magazeti na mazungumzo ya Kitanzania hana budi kuyafahamu.

"Chai" kama tasifida

Vitabu vingi vya kufundishia havitaji kwamba "chai" ni hongo. Waandishi huona haya, au huona kwamba si kazi yao. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hutoka darasani akiwa na nusu ya neno. Mwanafunzi wetu mmoja alisimamishwa katika kizuizi kimoja cha barabarani akiwa njiani kwenda mazoezi ya kufundisha. Akaambiwa: "Mwalimu, tuachie ya chai." Akajibu kwa adabu zote: "Ahsante, nimeshakunywa nyumbani." Alidhani anakaribishwa. Wale waliomsimamisha walidhani anawadhihaki, na mizigo yake ilikaa pale hadi jioni. Tulicheka aliporudi kutusimulia. Baadaye tukajiuliza: yeye alikuwa ametumia kila alichofundishwa, basi kosa ni la nani?

Katika elimu ya mtindo, kutumia neno laini badala ya neno lenye karaha huitwa tasifida. "Rushwa", "hongo" na "mlungula" ni maneno makali. Ukiyataja umetaja kosa. "Chai" na "kitu kidogo" ni maneno laini, na ulaini wake ndio silaha yake. Chai ni kitu cha ukarimu, hakuna anayemnyima mwenzake chai. Anayeomba "ya chai" amevaa vazi la mgeni anayestahili kukirimiwa. Anayekataa hujiona yeye ndiye mkosefu wa adabu. Ndiyo maana tunasema kwamba neno hili si la kupuuzwa darasani. Mtu anayelijua vizuri anaweza kulivua vazi lake na kujibu: "Unachoomba ni hongo."

Wala Waswahili si peke yao. Wachina wana "cháshuǐfèi", yaani ada ya maji ya chai, nayo ni pesa inayotolewa pembeni ili jambo liende. Warusi, ambao nao walilipata neno kwa njia ya nchi kavu, humpa mhudumu pesa "na chai", yaani kwa ajili ya chai, ingawa kwao hiyo ni bakshishi tu. Jirani zetu wa Kongo wana "matabishi", linalotokana na Kireno "mata-bicho". Kireno hicho humaanisha kinywaji au kifungua kinywa cha asubuhi, na Kongo likawa bakshishi na hongo. Huko Kinshasa husema pia "madesu ya bana", yaani maharagwe ya watoto. Popote tunapotazama, rushwa hupenda kuketi katika meza ya chakula. Tukumbuke pia kwamba kwa Wachina wa leo, kuitwa na wakubwa "kunywa chai" kunaweza kumaanisha kwenda kuhojiwa. Neno laini, jambo gumu.

Je, "chai kavu" ni nini?

Sasa turudi kwenye swali la karatasi. Katika Kiswahili sanifu, kivumishi "-kavu" kinapofuata chakula humaanisha kwamba chakula hicho hakina kiambatanisho chake. "Wali mkavu" ni wali usio na kitoweo. "Chai kavu" ni chai isiyo na kitafunio, yaani chai tupu bila mkate, andazi wala kiazi. Msahihishaji wetu alikuwa na maana hiyo akilini, na kwa maana hiyo maziwa hayahusiki kabisa. Chai ya maziwa inaweza kuwa kavu.

Nchini Uganda, hata hivyo, watu huita chai isiyo na maziwa "chai kavu". Ndiyo "caayi omukalu" ya Luganda, na ndiyo inayosemwa pia katika Kiingereza cha Uganda. Ukiingia hotelini Arua Hill ukaagiza chai kavu, utaletewa chai isiyo na maziwa, hata ukiwa na chapati mbili mbele yako. Mwanafunzi wetu hakubuni maana. Aliandika anachosikia kila siku, na hata alieleza sababu: maziwa yalikwisha. Sentensi yake inajifafanua yenyewe.

Wenzetu wawili katika kikao walikuwa na msimamo mkali. Wa kwanza alisema kwamba tukikubali kila neno la mtaani, mwanafunzi wetu atachekwa atakapofika Dar es Salaam au Zanzibar. Hoja hii haikosi uzito. Tunafundisha Kiswahili ili watu waelewane kuvuka mipaka, si ili waelewane katika kata moja. Wa pili alisema kwamba Uganda si mgeni katika lugha hii. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji ilihusisha Kenya, Tanganyika, Zanzibar na Uganda pia. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Watu milioni nyingi wakianza kusema Kiswahili, watakisema pamoja na chai yao. Hatuwezi kuwaambia wakubali lugha na waache maisha yao mlangoni.

Kilichotatua mgogoro ni swali lenyewe la mtihani. Tulilisoma tena kwa sauti. Lilisema: "Tunga sentensi sahihi kwa kutumia maneno yafuatayo." Halikusema "kwa maana ya Kiswahili sanifu cha Tanzania". Tena neno lililotolewa lilikuwa "chai", halikuwa "kavu". Neno "chai" katika sentensi ile lilitumika kwa maana ya kinywaji, likapewa upatanisho unaostahili, na sentensi ikawa na kiima, kiarifu na kishazi cha sababu vilivyokamilika. Zaidi ya hayo, tulipopekua maandalizi yetu ya masomo hatukukuta mahali popote ambapo tuliwafundisha wanafunzi hao maana sanifu ya "chai kavu". Tulikuwa tumemtahini kwa jambo ambalo hatukumfundisha, kwa swali ambalo halikuliuliza.

Alama mbili zilirudishwa. Mwanafunzi alifaulu, akaenda mazoezi ya kufundisha pamoja na wenzake. Msahihishaji, ambaye ni miongoni mwa wanaoandika makala haya, alimwomba radhi.

Mapendekezo kwa walimu

Kwanza, maneno ya kawaida yafundishwe zaidi ya mara moja. "Chai" ya juma la kwanza ni kinywaji. "Chai" ya mwaka wa pili iwe ni somo la ngeli na ukopaji. "Chai" ya mwaka wa tatu iwe ni somo la tasifida na isimujamii.

Pili, maana ya kienyeji itajwe na iwekewe alama yake. Mwanafunzi aambiwe: "Huku kwetu chai kavu haina maziwa. Kwingineko haina kitafunio. Ukitaka ueleweke kote, sema chai ya rangi, au chai isiyo na maziwa." Akijua zote mbili amepata, hakupoteza.

Tatu, maswali ya mtihani yaseme wazi kinachotakiwa. Tukitaka maana sanifu, tuitaje, na tuwe tumeifundisha.

Nne, lugha za nyumbani za wanafunzi zitumike kama nyenzo. Hapa petu kuna Kilugbara, Kikakwa, Kialuri, Kimadi, Kinubi na Kiarabu cha Juba, na Kifaransa kipo ng'ambo ya mpaka. Kichina nacho kimeanza kusikika. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2014, na barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ilijengwa na mkandarasi wa Kichina. Vijana waliofanya kazi katika barabara ile walijifunza "chá" mapema, na wengi wao hawakuambiwa kwamba walikuwa wanalijua neno hilo tangu utotoni.

Hitimisho

Neno "chai" limetembea kutoka Uchina, likapita kwa Waajemi na Wahindi, likavuka bahari hadi Pwani, likapanda bara hadi kwetu mpakani. Kila lilipofika lilikubali kuongezewa kitu: tangawizi, maziwa, mlo, mapumziko, hata hongo. Ni wajibu wetu kulifundisha pamoja na mizigo yake yote. Tunawakaribisha wasomaji watuletee maneno mengine ya kawaida yaliyowasumbua darasani, nasi tutayajadili katika matoleo yajayo.

Zoezi kwa wanafunzi

1. Sahihisha: "Chai changu kimemwagika, niletee kingine."
2. Eleza kwa nini "chakula" kina wingi wa "vyakula" lakini "chai" haina wingi wa "vyai".
3. Muulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu: chai isiyo na maziwa huitwaje katika lugha yenu, na neno hilo kwa asili lina maana gani?
4. Tunga mazungumzo mafupi ambamo mtu mmoja anatumia neno "chai" kama tasifida, na mwenzake anamjibu kwa heshima bila kumpa kitu.